Mvinyo wa Choya: Tuufurahie, Lakini Tusiuite Dawa



Mara ya kwanza kuonja mvinyo wa choya tulikuwa kwenye jubilei ya mtawa mmoja. Tulipoona wekundu wake tulidhani ni divai ya zabibu ya Dodoma. Mama mwenye nyumba akatucheka: “Hayo ni maua ya shambani kwangu!” Ulikuwa na uchachu kidogo kama wa ukwaju, kisha utamu ukafuata. Tuliupenda.

Choya, ambayo wengine huiita rozela, ni mmea unaostahimili ukame. Sehemu inayotumika si ua lenyewe, bali vile vifuniko vyekundu vinavyobaki vikilikumbatia tunda baada ya ua kunyauka. Wazee wetu pia walijua kinywaji kitokanacho na maua, ila kwa njia ya nyuki: ndiyo wanzuki, pombe ya asali.

Mvinyo huu hutengenezwa hivi. Gramu 200 za choya kavu huchemshwa katika lita 5 za maji, huchujwa, na kutiwa sukari kilo 1. Ukishakuwa vuguvugu hutiwa hamira, kisha hufunikwa katika chombo chenye mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa ya maji, ili hewa itoke na uchafu usiingie. Baada ya wiki 2 hivi mapovu hutulia. Mvinyo huondolewa juu ya machicha, ukaachwa utulie miezi 2 au zaidi. Usifungwe kwenye chupa wakati bado unatoa mapovu, maana chupa hupasuka na kujeruhi.

Hamira huigeuza sukari kuwa kilevi. Kwa kipimo hicho cha sukari, kilevi kinaweza kufika asilimia 10 hadi 12. Glasi ya mililita 125 yenye asilimia 12 ina kilevi sawa na mililita 300 za bia ya asilimia 5. Utamu wa choya huficha jambo hilo.

Ndipo tunapofikia sababu ya kuandika makala haya. Kliniki ya wajawazito tulimpokea mama mwenye mimba ya miezi 6, macho yamepauka, anahema akipanda ngazi. Tulipomwuliza kama anatumia kilevi, alishangaa: “Sista, mimi sinywi pombe kabisa. Nakunywa choya tu, glasi asubuhi na jioni, ya kuongeza damu.” Aliyemwuzia alimwambia ni dawa. Vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kliniki alikuwa ameviweka kabatini. Tulipompima damu ilikuwa imepungua sana, na alikuwa na malaria. Tunamshukuru Mungu, alitibiwa akajifungua salama. Lakini kwa wiki nyingi yeye na mtoto tumboni walikuwa wakinywa pombe bila kujua.

Ndugu wasomaji, upungufu wa damu katika mikoa yetu una sababu nyingi: malaria, minyoo, kichocho na lishe duni. Mvinyo hautibu hata moja. Tunawaomba mzingatie haya:

1. Mama mjamzito asinywe kilevi cha aina yoyote. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Watoto nao wasipewe hata kijiko.

2. Juisi ya choya isiyochachushwa, yenye sukari kidogo, ni kinywaji kizuri kwa familia. Utafiti umeonyesha kuwa maji ya choya yanaweza kushusha shinikizo la damu kiasi. Hata hivyo, mwenye presha asiache vidonge vyake, na amwambie mganga kama anakunywa choya kila siku.

3. Anayetumia dawa za kifua kikuu ajiepushe na mvinyo, kwani dawa hizo na kilevi huliumiza ini kwa pamoja. Jambo hili linawahusu sana ndugu zetu wa machimboni, ambao vumbi la mawe huwaweka katika hatari kubwa ya ugonjwa huo.

4. Angalieni vyombo. Choya ina asidi, hivyo isilazwe katika sufuria ya alumini. Katika maeneo ya dhahabu, madumu yaliyowahi kubeba zebaki, sayanaidi au kemikali nyingine yasitumike kamwe kwa kinywaji wala maji, hata yakioshwa mara kumi.

5. Anayetaka kuuza atafute mafunzo, kwa mfano katika ofisi za SIDO, na afuate taratibu za TBS. Chupani aandike wazi kuwa ndani mna kilevi.

Wengine wametuuliza kama mvinyo huu waweza kutumika katika Misa. Hapana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inadai divai ya asili itokanayo na zabibu.

Bwana wetu hakuona aibu kuwapatia divai watu wa arusi ya Kana. Nasi mtu mzima mwenye afya, asiye na mimba wala dawa, akipata glasi moja ya choya katika sherehe, hatuna ugomvi naye. Ila pembeni ya chupa ile liwekwe jagi la juisi ya choya, na kila mgeni aambiwe kipi ni kipi. Yule mama hakuambiwa.