Sarafu ya Kale na Sarafu ya Zamani

Swali lililotufikia kutoka Bisibo, pande za Biharamulo na Ngara, ni fupi: je, yafaa kuiita «sarafu ya kale» kila sarafu isiyotumika tena? Mwalimu aliyeuliza alikuwa amekusanya sarafu chache kwa wazee ili zimsaidie katika somo la historia. Miongoni mwake mna hela za Kijerumani zenye tundu katikati, na moja ya shaba yenye picha ya mizani. Juu ya kadi ya hiyo ya mwisho aliandika: «Sarafu ya kale, mwaka 1299».

Tarakimu za Kiarabu alizisoma sawasawa; kosa ni la kalenda. Sarafu hiyo ni pesa ya Zanzibar ya enzi ya Sultani Barghash bin Said, na 1299 ni mwaka wa Hijria, yaani 1881 au 1882 wa Miladi. Karibu karne sita zimeongezwa kwa kukosekana neno moja tu. Mtego huu si wa Zanzibar peke yake: pesa za mwanzo za kampuni ya Kijerumani iliyotawala pwani zina mwaka 1890 upande wa tai, na 1307 upande wa maandishi ya Kiarabu.

Mtumishi wa serikali asidhani kuwa hili ni suala la walimu tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahifadhi vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa kadi ile, pesa ya Barghash ingehesabiwa miongoni mwa vitu hivyo. Kwa umri wake wa kweli, haimo. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria, mfasiri hana budi kulipima neno «kale» kwa uangalifu zaidi. Twapendekeza libaki kwa sarafu kama zile za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo aghalabu hazina mwaka wowote, ila jina la sultani, na maneno ya upande mmoja yakipatana kwa vina na ya upande wa pili. Zilizobaki ziitwe «sarafu za zamani».

Neno «hela» lina shida yake. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliacha hesabu ya rupia moja kwa pesa 64, ikaigawa rupia katika Heller 100. Utawala huo ulikwisha, na shilingi ikaingia mwaka 1921, lakini jina la kisarafu kile likageuka kuwa jina la fedha zote. Jirani zetu Warundi nao husema «amahera». Kwa hiyo anayeandika «hela 10» juu ya sarafu ya mwaka 1910 humfanya msomaji afikirie fedha kwa jumla. Yafaa aandike «hela ya Kijerumani», walau mara ya kwanza. (Wako wanaotaka tuandike Heller kama Wajerumani. Sioni sababu ya kulirudisha ugenini neno lililokwisha kupata uraia.)

Kwa pande za sarafu, «uso» na «mgongo» yatosha: uso ni upande wenye jina au sura ya mtawala, mgongo ni ule mwingine. «Kichwa na mkia» ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo humwacha mwanafunzi akitafuta mkia usiokuwapo. Mwenye kuzikusanya ni «mkusanyaji sarafu». Elimu yake, «elimu ya sarafu».

Kadi ya Bisibo basi iandikwe hivi: «Sarafu ya zamani. Pesa ya Zanzibar, shaba, 1299 Hijria (1881/82 Miladi). Uso: jina la Sultani. Mgongo: mizani».