Modemu Yako Haijadedi: Vile Utaifanya Ishike Kwa Linux

Umeweka Ubuntu kwa ile lapi yako ya kitambo juu Windows ilikuwa inailemea. Sasa iko fiti. Halafu unachomeka modemu ya USB, taa inawaka, lakini net, zii. Kazi inatakiwa kabla ya saa sita usiku na msee wa cyber ashafunga. Kabla umpelekee fundi huko Luthuli akurudishie Windows, na mafaili zako zote ziende na maji, tulia kwanza. Modemu haina shida, na Linux pia haina.

Iko hivi. Modemu nyingi za USB, kama zile za Huawei tumezizoea, ziko na sura mbili. Ukiichomeka, kwanza inajifanya CD. Ndani ya hiyo CD kuna draiva za Windows. Windows ikishaziweka, inaambia modemu iache kujifanya, ianze kazi. Linux haina haja na hizo draiva, so bila mtu wa kuiamsha, modemu inabaki tu hapo ikijifanya CD. Mwenye hiyo kazi ya kuiamsha ni kaprogramu kanaitwa usb_modeswitch.

Fungua terminali uandike:

lsusb

Ukiona mstari uko na 12d1, hiyo ni Huawei. Maana yake lapi inaiona. Zile herufi na namba nne zinazofuata ndizo hubadilika modemu ikibadilisha sura. Ukingoja dakika moja na bado ziko vile vile, weka hizi:

sudo apt install usb-modeswitch modemmanager

Najua utauliza, utaziweka aje na hauna net? Chomeka simu kwa lapi na kebo ya USB, uwashe tetheringi kwa setingi za simu. Linux inaikubali bila draiva. Ukimaliza, chomoa modemu, uichomeke tena, halafu:

mmcli -L

Jina ya modemu ikitokea, kazi kubwa imeisha. Isipotokea, jaribu tundu ingine ya USB, juu zingine hazitoi moto wa kutosha. Pia cheki kama laini iko na PIN. Irudishe kwa simu, uitoe hiyo PIN, urudi nayo.

Sasa unganisha. Kama laini ni ya Safaricom:

nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name net apn safaricom

nmcli connection up net

Kama uko kwa mtandao mwingine, badilisha hiyo neno ya mwisho kwa ile ya kwanza, uweke APN yao. Ukikosea APN, modemu itapata netwaki poa lakini hakuna ukurasa utafunguka. Hapo ndipo wasee wengi hukwama wakidhani data imeisha.

Na kuna kitu inachekesha. Hiyo modemu yako ndogo bado inaongea lugha ya wazee. Modemu nyingi za aina hii huunganisha kwa "kupiga simu" namba *99#, na amri yake huanza na AT, mtindo ulioletwa na modemu ya Hayes mwaka wa 1981, enzi za kupiga kupitia waya ya simu ya nyumba.

So usiitupe, na usiuziwe ingine. Iamshe tu, utume hiyo kazi.