Sonona Baada ya Kiharusi

Tunapowapelekea wagonjwa Ekaristi Takatifu majumbani, mara nyingi tunapewa habari za mkono na mguu: mkono umeanza kushika kikombe, mguu bado unaburuzika. Habari za moyo hazisemwi. Mzee ameacha kula, hataki mazoezi, amelala akiupa mlango mgongo, nayo familia inahitimisha kwamba amepungukiwa imani. Hukumu hiyo, ndugu waamini, si ya haki.

Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupatwa na sonona wakati fulani baadaye. Kiharusi hujeruhi ubongo, na ubongo huohuo ndio unaoongoza hisia, usingizi na hamu ya chakula. Juu ya jeraha hilo huja msiba wa kupoteza kazi, sauti, au heshima ya kujivalisha nguo mwenyewe. Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Ikidumu wiki 2 au zaidi, wala mgonjwa hapendezwi tena na chochote, apelekwe kwa daktari. Aliyepoteza usemi hawezi kujieleza, hivyo tuangalie usingizi wake na sahani yake. (Wapo pia wanaolia au kucheka ghafla bila sababu. Hilo ni tatizo jingine litokanalo na jeraha la ubongo, nalo linatibika.)

Daktari aweza kuagiza dawa kama fluoksetini au setralini. Huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, wala zisikatizwe bila ushauri wake. Aelezwe dawa zote anazotumia mgonjwa, hata za mitishamba, kwa kuwa dawa hizo zikitumiwa pamoja na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu. Unasihi na mazoezi ya viungo husaidia pia.

Mgonjwa akisema afadhali kufa, tusimkemee. Tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, tusimwache peke yake, dawa zifungiwe, na afikishwe hospitali bila kukawia.

Nabii Eliya naye aliomba afe (1Fal 19). Malaika hakumkaripia. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, ndipo safari ikaanza. Twapenda Jumuiya Ndogo Ndogo zetu ziige utaratibu huo. Badala ya watu ishirini kujaza chumba kwa sala ndefu, waende wawili kwa zamu, wamtoe mgonjwa nje aote jua, na wampokee mke au binti anayemwuguza ili naye akapumzike. Mwuguzaji huyo pia huweza kupatwa na sonona, na ni nadra kuulizwa hali yake.

Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa uombwe mapema. Si sakramenti ya wanaokata roho tu, wala haichukui nafasi ya kliniki: Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu. Paroko aitwe, na kadi ya kliniki iwe mezani.