Mnyoo wa Ufukweni Hashikwi kwa Nguvu

Katika fukwe za New South Wales na kusini mwa Queensland, mashariki mwa Australia, chambo bora cha mvuvi wa mshipi kinaishi chini ya nyayo zake. Ni mnyoo wa mchangani, na wapo wanaopita urefu wa mita 2. Hata hivyo, wengi wanaojaribu kumkamata kwa mara ya kwanza huambulia kipande cha kichwa au mikono mitupu. Wanatumia nguvu kwa mnyama ambaye mwili wake wote umeumbwa kung'ang'ania mchanga. Anayetaka kumpata mzima sharti kwanza ajue anavyonusa, anavyokula na anavyojishikiza.

Minyoo hawa ni wa familia ya Onuphidae. Mwaka 1979 mtaalamu Hannelore Paxton alichapisha uchambuzi wa kina wa spishi za Australia, na mashuhuri kati yao ni Australonuphis teres. Mwili wake ni pingili nyingi sana, na kila pingili ina jozi ya vijiguu vyenye nywele ngumu. Akishtuka, hukaza misuli, vijiguu vikashika mchanga pande zote. Ndiyo maana ukimvuta kwa pupa hukatika.

Chakula chake ni kile ambacho bahari imekitupa: samaki waliokufa, mwani, kombe waliovunjika. Mchanga hupinduliwa na kila wimbi, kwa hiyo mnyoo hutegemea harufu kukipata chakula. Mvuvi naye huanzia hapo hapo kwenye harufu.

Muda wa kwenda ni maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, ufuo unapokuwa wazi kwa upana. Chagua mahali tambarare ambapo maji hutandaa kuwa membamba kabla ya kurudi baharini. Beba mfuko wa wavu, ule wa vitunguu unafaa sana, uliojazwa vichwa na mifupa ya samaki walioanza kunuka. Uburute polepole juu ya mchanga wimbi linaporudi. Harufu itashuka na maji, na minyoo waliofukiwa upande wa chini watainua vichwa. Hapo tazama kwa makini: maji yanayorudi yakikutana na kichwa kilichojitokeza hugawanyika na kuacha alama ya V. Lakini usiipe bahari mgongo, kwani wimbi kubwa huja bila kubisha hodi.

Sasa inama. Mkono mmoja ushike nyama ya kombe au kipande kigumu cha samaki, ukiweke mbele ya kichwa, kikigusa mchanga. Mnyoo ataking'ata na kuanza kukivuta. Usikiachie, wala usikinyanyue ghafla. Kiinue kidogo tu ili naye ajitokeze zaidi. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili vitangulie ndani ya mchanga, kimoja kila upande wa shingo, bila kumgusa. Ukimgusa mapema atazama mara moja. Subiri apinde mgongo ili ararue nyama. Wakati huo sehemu ya mbele ya mwili inakuwa imelegea mchangani. Bana papo hapo, kwa uthabiti, kisha mvute taratibu kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukihisi amekaza, tulia bila kumwachia, halafu endelea. Mwili utatoka pingili baada ya pingili.

Akishatoka, mgaragaze kwenye mchanga mkavu ili asikuponyoke kwa ute wake, na umweke kwenye chombo chenye mchanga, kivulini. Joto humuua upesi, na mnyoo aliyeoza hulegea kwenye ndoana.

Anayefaidi zaidi chambo hiki ni mvuvi wa Sillago ciliata, samaki mwembamba mwenye mdomo mdogo, anayetafuta minyoo na viumbe wengine wadogo katika maji ya kina kifupi karibu na ufuo. Kwa mdomo huo, ndoana iwe ndogo yenye shina refu, na kipande cha mnyoo kivikwe kufuata shina lote, kikibakiza mkia mfupi unaochezacheza. Mnyoo mmoja mrefu hutoa vipande vingi, hivyo minyoo wachache wanatosha kwa safari nzima.

Sheria ya New South Wales nayo inamruhusu mvuvi wa burudani minyoo 20 tu, na kipande huhesabiwa kama mnyoo. Kombe wa kuwavutia wana sharti lao: hawaruhusiwi kupelekwa zaidi ya mita 50 kutoka mstari wa maji makuu, kwa sababu wanaweza kubeba sumu ya kumdhuru mlaji.

Pwani ya Kenya ina minyoo wa chambo wa aina nyingine. Kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, huchimbwa katika tope la mikoko, na kila uchimbaji huvuruga mizizi na viumbe wengine waliomo. Mnyoo wa Australia anayeitwa kwa harufu na kukamatwa kwa vidole haachi shimo nyuma yake. Mvuvi huchukua mmoja mmoja, akijua idadi yake. Naupendelea ujuzi huu kwa sababu hiyo hasa: unampa mvuvi chambo kizima, na unauachia ufuo wasafishaji wake. Ukishapata wa kukutosha leo, funga mfuko wako ukavue.