Kibubu Ndani ya Simu: Akiba ya Peke Yako na Akiba ya Kikundi

Juma lililopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi na kuyahifadhi yasiliwe na dumuzi. Leo tutazungumza juu ya kuhifadhi kile unachopata baada ya mahindi hayo kuuzwa, yaani fedha. Maana fedha nayo ina dumuzi wake.

Hebu tufikiri pamoja. Wewe uliye Ruvuma, Rukwa au Mbeya, ambako mvua ni ya mara moja kwa mwaka, unavuna mwezi wa sita na wa saba. Ukisha kuuza, mfukoni mna kitu. Hapo ndipo jirani anapokuja kukopa, harusi zinapofululiza, na kila unachokiona dukani unakitamani. Ifikapo mwezi wa kumi na moja mbegu zinatakiwa, mbolea inatakiwa, na mwezi wa kwanza mtoto anatakiwa sare na madaftari. Pesa iko wapi? Imekwisha, wala hujui imekwendaje. Kwa kawaida si kwamba mkulima ni mfujaji. Shida ni kwamba mshahara wake huja mara moja au mbili kwa mwaka, lakini matumizi huja kila siku.

Siku hizi vijana waliosomea kompyuta wanatengeneza programu za simu za kuweka akiba. Nyingine ni za mtu mmoja, nyingine ni za kikundi, na kila mwenye programu husema yake ndiyo bora. Leo tutaeleza jinsi programu ya namna hiyo inavyopasa kufikiriwa na kutengenezwa. Sababu ni moja: mtaalamu akija kijijini kwenu na simu yake mkononi, ujue la kumwuliza. Ukinunua jembe unalipima mkononi kwanza. Na hili ni jembe.

TUANZE NA VILE TULIVYO NAVYO

Kabla ya simu tulikuwa na njia zetu, na mtengenezaji mwenye akili huanza kwa kuzitazama hizo.

Njia ya mtu peke yake ni kibubu. Kibubu kina tundu la kuingizia, lakini hakina mlango wa kutolea. Ukitaka pesa yako sharti ukivunje. Je, uzuri wake ni nini? Si kwamba kinazuia wezi, kwani mwizi anaweza kukibeba chote. Uzuri wake ni kwamba kinakuzuia wewe mwenyewe. Leo umepata kishawishi, unakitazama kibubu, unaona uvivu kukivunja kwa ajili ya soda mbili, unaacha.

Njia ya kikundi ni upatu, na baadaye vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo kwetu wengi huviita vikoba. Mtindo wa sanduku lenye kufuli tatu ulianza nchini Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE. Kutoka huko umeenea katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo.

Mnaujua utaratibu wake. Wanachama ni kama kumi na tano hadi thelathini. Kila mkutano mtu hununua hisa moja hadi tano. Kitabu chake hupigwa muhuri kwa kila hisa. Sanduku hukaa kwa mtu mmoja, lakini funguo tatu hukaa kwa watu watatu wengine. Pesa huhesabiwa mbele ya wote, na mkutano ukifungwa wanachama hukariri kiasi kilichobaki. Mtu anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na riba anayolipa ni ya kikundi. Kuna na mfuko wa jamii wa kusaidiana msiba na ugonjwa. Mwaka ukiisha, wanagawana.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kikundi kina watu 20, na hisa moja ni shilingi 2,000. Kwa mwaka mzima wamenunua hisa 4,000, yaani shilingi 8,000,000. Riba na faini zimeingiza shilingi 1,600,000. Sandukuni mna shilingi 9,600,000. Gawanya kwa hisa 4,000, kila hisa sasa ni shilingi 2,400. Mama aliyenunua hisa 150 aliweka shilingi 300,000; anaondoka na shilingi 360,000. Mwenye hisa 250 aliweka shilingi 500,000. Anaondoka na shilingi 600,000. Hesabu hii kila mtu anaweza kuirudia kwa vijiti chini ya mwembe, na hapo ndipo imani inapotoka.

Lakini sanduku lina udhaifu wake. Karibu na siku ya mgawo huwa limejaa, na mtaa mzima unajua liko nyumba gani. Mwizi hana haja ya funguo tatu. Shoka moja linamtosha. Na kitabu kikinyeshewa au kuliwa na panya, ugomvi umeanza. Ndiyo maana watu wakafikiria simu.

SIMU INAWEZA NINI

Huduma ya M-Pesa ya kutuma pesa kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata, 2008, ikaingia kwetu. Leo wakala yuko hata gulioni. Fahamu jambo moja: pesa hiyo haimo ndani ya simu. Simu ni kama kitabu tu. Pesa iko benki, kwa dhamana ya kampuni. Simu ikitumbukia kisimani, unakwenda kurudisha laini yako na pesa unaikuta.

Lakini hapo pana sharti: laini iwe imesajiliwa kwa jina lako. Akina mama wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au mtoto. Siku wakikosana, au mwenye jina akifariki, huyo mama atadai pesa kwa jina la nani? Basi kabla ya kuzungumza habari ya programu yoyote, tengeneza hilo kwanza.

PROGRAMU YA MTU PEKE YAKE

Mtengenezaji anayeelewa kibubu ataweka mambo matatu.

Kwanza, lengo na tarehe. Programu ikuulize: Unaweka kwa ajili ya nini, na mpaka lini? Mkulima ajibu: "Mifuko miwili ya mbolea, mwezi wa kumi na moja." Akiba yenye jina hailiwi ovyo kama akiba isiyo na jina.

Pili, kufuli. Pesa isitoke kabla ya tarehe, au ikitoka itoke kwa taabu kidogo, mathalani baada ya kungoja siku tatu. Utauliza: Je, mtoto akiugua usiku? Swali zuri. Ndiyo sababu yafaa programu iruhusu kugawa akiba sehemu mbili: moja imefungwa, nyingine ndogo iko wazi kwa dharura. Kibubu cha udongo hakiwezi kufanya hivyo, simu inaweza.

Tatu, ifuate majira ya mkulima. Programu nyingi zinatengenezwa mjini na watu wa mshahara. Zinamwambia kila mtu aweke kiasi kilekile kila mwezi, na asiyeweka hupigiwa kelele za ujumbe. Mkulima wa mahindi hawezi. Yeye yafaa aweke nyingi wakati wa kuuza, kidogo sana au asiweke kabisa wakati wa palizi. Programu isiyojua palizi ni nini haikutengenezwa kwa ajili yako.

PROGRAMU YA KIKUNDI

Hapa kazi ni ngumu zaidi, kwani pesa ni ya wengi. Mtengenezaji achukue kila kitu kilichomo kwenye sanduku ajiulize: hiki kinafanya kazi gani, na ndani ya simu kitakuwa nini?

Funguo tatu zinakuwa namba za siri tatu. Mhazini akitaka kutoa pesa, programu iwaulize wenzake wawili au watatu, kila mmoja kwenye simu yake, na pesa isitoke mpaka wote wakubali. Hili ndilo la kwanza kabisa. Programu inayomruhusu mtu mmoja kutoa pesa za kikundi si sanduku, bali ni mfuko wa suruali yake. Na hao wenye namba za siri wasizikusanye kwa katibu "kurahisisha kazi". Kazi ikirahisishwa hivyo, wizi nao umerahisishwa.

Kuhesabu mbele ya wote kunakuwa ujumbe kwa wote. Kila pesa inayoingia au kutoka, wanachama wote wapate habari papo hapo: nani, kiasi gani, kimebaki nini. Si viongozi peke yao.

Muhuri kitabuni unabaki kuwa muhuri. Wako wazee wetu wasiosoma, lakini mihuri mitano wanaihesabu vizuri kabisa. Basi programu ioneshe picha za mihuri, au isome kwa sauti, kwa Kiswahili cha kueleweka. Na isiwe ya simu janja tu. Wengi wetu tunayo ya kitochi, kwa hiyo huduma ipatikane pia kwa kubonyeza nyota na reli, bila bando. Asiye na simu kabisa aandikwe hali kadhalika, aweze kutoa fedha taslimu mkutanoni na kuonyeshwa hesabu yake.

Halafu kuna makato. Tuseme kila unapoweka hisa ya shilingi 2,000 unakatwa shilingi 100. Waonaje, ni kidogo? Kwa mikutano 50 ni shilingi 5,000 kwa mtu mmoja. Kwa watu 20 ni shilingi 100,000. Laki moja nzima imetoka kikundini bila kuzaa hata senti! Mtengenezaji mzuri atafanya hivi: wanachama walete fedha mkutanoni kama kawaida, programu iandike hesabu ya kila mmoja, kisha viongozi waweke kwa wakala fungu zima kwa mara moja.

Jambo la mwisho hapa ni mkutano wenyewe. Watu wengine hudhani simu ikija, mkutano haufai tena. Angalieni sana. Mtu huweka akiba kwa sababu Jumamosi atakaa uso kwa uso na wenzake, na ataona haya kwenda mikono mitupu. Mkopaji hurejesha kwa sababu wanaomdai ni majirani zake, nao wanajua kama mvua ilimkatalia kweli au anatunga. Simu haijui hayo. Programu iukumbushe mkutano, iuandikie, iulinde, isiuue.

JINSI INAVYOTENGENEZWA

Mtengenezaji wa haki haanzi na kompyuta. Anaanza kwa kukaa mkutanoni mwenu, akitazama tu. Kisha anachora kwenye karatasi vioo vya simu: hapa utabonyeza, hapa utaona salio. Anawapa karatasi hizo mkabonyeze kwa vidole, na pale mnapobabaika anarekebisha. Karatasi haina gharama. Baadaye anatengeneza kitu kidogo, nanyi mnakijaribu huku daftari likiendelea kuandikwa kama zamani. Kila mkutano mnalinganisha. Simu na daftari zikisema mamoja mzunguko mzima, hapo mnaweza kuiamini. Hata mbegu mpya hulimi shamba lote mwaka wa kwanza. Unajaribu matuta machache.

JIHADHARINI

Si kila programu yenye neno akiba au mkopo ni rafiki. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha yasiyo na leseni. Nyingine za namna hiyo huingia kwenye simu ya mtu, zikachukua majina ya ndugu na marafiki, kisha ukichelewa kulipa huwatumia ujumbe wa kukuaibisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zako. Basi programu ya akiba ikitaka kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, uliza: ya nini?

Kikundi nacho kijisajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vyetu. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii atawaelekeza. Na ukipata ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", usitume hata senti.

Basi, ndugu mkulima, kwa kifupi: laini iwe kwa jina lako, akiba iwe na jina na tarehe, pesa ya kikundi isitolewe na mtu mmoja, habari ziwafikie wote, makato yajulikane, na mkutano uendelee.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Sanduku letu leo linaweza kufunguliwa na watu wangapi wakikubaliana? Je, wanatosha?
2. Ni wanachama wangapi kati yetu wanaotumia laini isiyo na majina yao?
3. Mwaka jana makato ya simu yalikula kiasi gani cha pesa zetu?
4. Kama mtengenezaji angekuja kesho, jambo gani moja la kikundi chetu tungemwambia asilibadilishe?

Jibuni maswali hayo kwa utulivu, wazee na vijana, na akina mama wasemwe na kusikilizwa, maana mara nyingi wao ndio wenye sanduku. Mpaka juma lijalo, tutakapozungumza juu ya kuandaa shamba mapema, nawatakia kazi njema. Kwaherini.