Wapangaji wa Mashine Moja

Ukiwasha kompyuta uliyoinunua kwa pesa zako, unayoitumia peke yako chumbani, kitu cha kwanza inachotaka kujua ni jina lako. Halafu inadai neno la siri. Ni sawa na kupiga hodi nyumbani kwako mwenyewe. Desturi hii tumeirithi kutoka kwa mashine za miaka ya 1960, ambazo hakuna mtu aliyeweza kusema ni zake.

Kompyuta ya wakati huo ilijaza chumba kizima na ilikuwa na wahudumu wake. Mtafiti hakuigusa. Alitoboa programu yake kwenye kadi, akaziwasilisha dirishani, akarudi baada ya saa kadhaa au kesho yake kuchukua majibu. Kama alikosea alama moja tu, aliambulia karatasi ya makosa na kurudi kwenye foleni. Mashine haikupumzika, aliyepotezewa muda alikuwa binadamu.

John McCarthy wa chuo cha MIT, Marekani, alikuwa mmoja wa walioona mapema, mwaka 1959, kwamba hali hiyo ina dawa. Mtu hufikiri polepole. Kati ya kugonga herufi moja na nyingine, mashine inaweza kufanya maelfu ya hesabu. Basi katika upenyo huo imhudumie mwingine. Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake hapo MIT walionyesha mfumo uliofanya hivyo, CTSS, kwenye kompyuta ya IBM 709. Baadaye ulipohamia kwenye IBM 7094, kumbukumbu iligawanywa mafungu mawili: moja la programu msimamizi, la pili la mtumiaji ambaye zamu yake imefika. Muda wake ukiisha, kazi yake iliwekwa kando na ya jirani ikaingizwa. Zamu zilipokezana haraka kiasi kwamba kila mmoja, akiwa mbele ya taipureta yake, alijiona kama yuko peke yake.

Lakini hakuwa peke yake, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Watu waliokuwa wakipishana dirishani sasa walikuwa wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na faili zake kwenye diski ileile. Milango ikahitaji kufuli, nayo ikawa neno la siri. Halikuchukua muda kuvunjwa. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, aliyekuwa amegawiwa saa 4 tu za kompyuta kwa wiki, aliwasilisha kadi ya kuomba faili moja ichapishwe. Faili yenyewe ilikuwa orodha ya maneno ya siri ya watumiaji wote. Ikachapishwa, akaichukua, akaendelea kufanya kazi kwa muda wa wenzake. Alikuja kukiri miaka mingi baadaye.

Kisa cha 1966 kinanifurahisha zaidi, kwa sababu hakikuwa na mwizi. Programu ya kuhariri maandishi ilikuwa ikiweka nakala ya muda kwenye faili yenye jina lilelile kila mara, kwa kuwa walioiandika walidhani eneo moja la faili litakuwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Baadaye wasimamizi wa mfumo waliruhusiwa kuingia wengi pamoja kwenye eneo lao. Siku moja msimamizi mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku, mwingine orodha ya maneno ya siri. Nakala zikabadilishana. Kila aliyeingia akachapiwa, badala ya tangazo, siri za watu wote. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mtumiaji mmoja aliyeona yanayotoka kwenye taipureta yake aliamua kuikwamisha kompyuta nzima makusudi, kwa amri inayoifanya ijizungushe bila kikomo. Aliokoa jahazi kwa kulipasua.

Mrithi wa CTSS, Multics, ulioanza kujengwa katikati ya muongo huo na MIT, General Electric na Bell Labs, ulilichukulia suala la kufuli kwa uzito kuliko mfumo wowote uliotangulia. Pia ndio uliotupatia folda ndani ya folda. Ulichelewa, Bell Labs ikajitoa mwaka 1969, na Ken Thompson na Dennis Ritchie wakatengeneza mfumo mdogo uliokuja kuitwa Unix, jina la kuutania ule mkubwa. Wengi huishia hapo na kusema Multics ulishindwa. Naona hawautendei haki: mashine ya mwisho ya Multics ilizimwa Oktoba 2000 huko Halifax, Kanada, na mengi uliyoyaanzisha bado yanaishi kupitia Unix. Kiini cha Android ni Linux, iliyoigiza Unix. Mfumo wa iPhone ni wa ukoo huohuo.

Ndiyo maana simu yako, yenye mpangaji mmoja, bado imejengwa kama nyumba ya vyumba vingi. Wapangaji wa leo ni programu zenyewe: kila moja imefungiwa chumbani mwake, isichungulie picha au ujumbe bila ruhusa.

Corbató alifariki mwaka 2019. Miaka mitano kabla, alipohojiwa kuhusu kufuli alizozianzisha, alisema kwamba katika enzi ya wavuti zimegeuka jinamizi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kuzikumbuka zake, akawa anaziandika kwenye karatasi. Zilifika kurasa tatu.