Mtoto wa Koo Mbili

Haya wajukuu, sogeeni hapa kivulini, chini ya mkorosho. Mmeniuliza kwa nini mwenzenu ana nywele za singa na jina la Kihindi, ilhali mjomba wake ni Mmakonde wa Msimbati. Swali zuri.

Zamani, kaskazi ilipovuma kuanzia Desemba, majahazi yalishuka kutoka Kutch na Gujarati hadi Mikindani, kaskazini mwa mlango wa mto Ruvuma. Yalileta nguo. Kusi ikianza, yakarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1895, walikuta Wahindi wameshafungua maduka.

Wengi wao walioana wenyewe kwa wenyewe. Wapo waliooa hapahapa, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Kwa mila ya Kimakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa Wagujarati, mtoto ni wa baba. Basi aliyezaliwa na baba Mhindi na mama Mmakonde hakuwa nusu huku nusu kule. Kila upande ulikuwa na haki ya kumdai mzima! (Mgeuze sasa: baba Mmakonde, mama Mhindi. Hapo kila upande ungeweza kusema, “Huyu si wetu.” Mila nazo zina mianya yake.) Wala si kila baba alikiri mwanawe. Wako waliopanda chombo kimyakimya, mtoto akalelewa na wajomba.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyingi zilikuwa za Wahindi, na wengi wao wakahama Tanzania, wakaenda Uingereza na Kanada. Waliobaki, wenye damu zote mbili, wakaendelea na maisha: leo ming'oko, kesho biriani na achari ya embe, mmoja achezwe unyago, mwingine apakwe hina siku ya harusi.

Watu husema utamaduni uko jikoni. Mimi sikubali sana. Chapati siku hizi inapikwa kila nyumba, haina hofu ya kupotea. Kinachopotea upesi ni majina: nani alimzaa nani, alitoka mji gani, alizikwa wapi. Kwa hiyo jioni ya leo chukueni daftari, mkamwulize bibi majina ya wazee wa pande zote mbili, na myaandike kabla hajalala.